Lori litafika mlangoni? Jibu kwa dada anayehamia kijijini kwenye njia mbovu

Swali la msomaji nimelifupisha kidogo: "Nahamia nyumba ya kijijini. Kutoka lami ni kama kilomita tatu za vumbi, alafu sehemu ya mwisho ni njia nyembamba yenye mlima na kona kali, kuna na kidaraja cha mbao, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Nimeongea na kampuni mbili za kuhamisha vitu. Ya kwanza imesema hakuna shida, tutafika, na bei yao nzuri. Ya pili imeniuliza maswali mengi, inataka nitume video ya njia, na bei yao iko juu. Nichukue ipi, na nijiandae vipi?"

Dada yangu, umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujalipa mtu. Chukua ile ya pili, au nyingine yoyote itakayouliza maswali kama ya pili. Kampuni iliyokupa bei bila kuuliza chochote kuhusu njia imekupa bei ya nyumba ambayo lori linapaki mlangoni, sio nyumba yako, na ile tofauti utakuja kuilipa siku yenyewe, vitu vyako vikiwa tayari juu ya lori, giza linakaribia na wewe huna pa kuvipeleka. Hapo wakikwambia ongeza hela utaongeza tu, manake utafanyaje. Na wala sio lazima wawe matapeli, mara nyingi dereva kweli hakujua, aliambiwa kwenye simu "barabara ni mbaya kidogo" akaelewa anavyoelewa yeye.

Kwenye kuhamia sehemu kama hiyo, umbali sio kitu kikubwa sana, na hata wingi wa vitu sio kitu kikubwa vile, kinachoamua gari gani lije, watu wangapi, siku ngapi na bei gani ni ile kilomita ya mwisho. Kwa hiyo kabla hujajadili bei na mtu, njia ipimwe. Hiyo kazi unaweza kuianza we mwenyewe.

Rekodi video ukitokea kwenye lami mpaka mlangoni, mtu anaendesha taratibu na wewe umeshika simu usawa wa kioo cha mbele. Usiikatekate, iache iende yote ili mtu wa kampuni aone jinsi sehemu zinavyofuatana, manake kona yenyewe inaweza isiwe shida ila kona inayokuja katikati ya mlima ni shida. Alafu zile sehemu zinazokutia wasiwasi shuka upige picha mtu akiwa amesimama pembeni ili ukubwa uonekane, na upime kwa futikamba. Lori kubwa la mizigo lina upana kama mita 2.5 na hapo bado hujahesabu vioo vya pembeni, na likiwa la boksi linaweza kufika mita 4 kwenda juu. Magari madogo ya mizigo ni membamba zaidi, mengi yanacheza kwenye mita 2 na kidogo. Ukipata sehemu yenye mita 2.7 kati ya kingo mbili lori kubwa litapita pakiwa pamenyooka, kwenye kona halitapita. Magurudumu ya nyuma hayafuati yale ya mbele, yanakata kona kwa ndani, na wakati huohuo ule mkia wa nyuma uliozidi magurudumu unatupa nje. Kwa hiyo kwenye kona pima upana, alafu andika na kilichopo kila upande: ndani kuna mtaro? nje kuna ukuta, mti, korongo? Dereva mzuri atakuuliza hivyo hivyo.

Angalia na juu. Matawi yanakatwa, ukiongea na mwenye mti mapema, ila waya wa umeme ni habari nyingine kabisa. Kama kuna waya unaoning'inia chini kwenye njia, usiruhusu mtu yeyote apande juu ya boksi la lori kuuinua kwa mti, hata kama wanasema wamezoea. Mti mbichi au wenye unyevu unapitisha umeme na watu wanakufa hivyo. Waya ukiwa chini basi lori refu haliendi, au wahusika wa umeme waitwe kabla ya siku hiyo.

Kitu kingine ambacho watu hawakioni kwa sababu wanapita na gari dogo kila siku ni matuta na mabonde mafupi. Gari refu likipita kwenye mgongo wa ardhi linaweza kukaa na tumbo, magurudumu ya mbele yako huku, ya nyuma kule, katikati limelala. Na pale unapochepuka kutoka barabara kubwa kuingia njia ya kwako, kama kuna mtaro au mteremko wa ghafla, mkia wa lori unakwaruza chini. Video haionyeshi hivi vizuri, kwa hiyo piga picha ukiwa umechuchumaa pembeni, usawa wa ardhi.

Sasa kidaraja. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoniogopesha kwenye maelezo yako. Gari dogo la kubeba tani tatu lenyewe likiwa tupu lina uzito wa karibu tani tatu nyingine, kwa hiyo likijaa linacheza kwenye tani sita, na sehemu kubwa ya huo uzito iko kwenye ekseli ya nyuma, yaani magurudumu ya nyuma. Kama darajani kuna kibao cha uzito, ile namba ni ya kila kitu kwa pamoja, yaani gari, mzigo, mafuta na watu walio juu, sio mzigo peke yake, na hili nimeona hata madereva wakilikosea. Kama hakuna kibao, shuka chini ukaangalie. Zile mbao unazokanyaga juu sio zinazobeba, zinazobeba ni magogo au vyuma vilivyolala chini yake kwa urefu. Chomeka kisu au msumari kwenye gogo: likiwa zima litakataa, likiwa limeoza ncha itaingia kirahisi. Angalia na pale magogo yanapokalia ukingoni, kama maji yamechimba udongo chini yake basi daraja limebaki linaning'inia hata kama mbao zenyewe ni nzima. Uliza wenyeji mara ya mwisho lori lilipita lini na lilibeba nini, na uliza kama tangu hapo mto umejaa. Na hata gogo likikataa kisu, hiyo peke yake haitoshi kusema daraja linabeba tani sita, kwa hiyo kama hakuna mtu wa kukujibu kwa uhakika hesabu kwamba barabara ya lori inaishia hapo. Mimi nisingepitisha.

Na nikishasema hivyo usikate tamaa, manake kwa njia kama yako mara nyingi mpango mzuri ni lori kubwa lisifike mlangoni kabisa. Lisimame mahali pazuri, mzigo ufaulishwe, yaani uhamishiwe kwenye gari dogo lenye difu mbili (linalovuta kwa magurudumu yote manne), pikapu au hata trekta lenye tela, alafu hilo dogo lipige trip. Inasikika kama usumbufu ila ni nafuu kuliko kuvuta lori lililozama, na vitu vinafika salama. (Hilo dogo nalo halivuki kidaraja kwa imani. Pikapu iliyojaa inafika tani tatu, kwa hiyo kama daraja halina uhakika kabisa, pikapu inaishia ng'ambo na vitu vinavuka kwa mikono.)

Hesabu yake iko hivi. Vitu vya nyumba ya wastani tuseme vinajaza mita 20 za ujazo. Wahamishaji wengi wanakadiria kila mita moja ya ujazo ya vyombo vya nyumbani ni kilo mia moja na kidogo, kwa hiyo mzigo wako wote ni kama tani mbili na ushee. Mtu akisikia tani mbili anasema pikapu ya tani moja itapiga trip mbili, na hapo ndo anapokosea, manake makochi na magodoro ni mepesi ila yanakula nafasi. Pikapu inabeba labda mita 2 au 3 za ujazo kwa usalama, kwa hiyo unaongelea trip saba mpaka kumi. Kila trip kupakia, kupanda, kushusha na kurudi ni kama dakika 45 mambo yakienda vizuri. Hiyo ni siku nzima ya kazi baada ya lori kuwa limeshafika. Kwa hiyo kama kampuni inakwambia itafaulisha kwa "saa mbili hivi", waombe wakuhesabie trip moja moja.

Pa kufaulishia pawe tambarare na pagumu, na lori kubwa liweze kugeuka. Malori mengi makubwa yanahitaji duara la kama mita 25 kugeuka bila kurudi nyuma, pakiwa padogo dereva atageuza kwa kurudi mbele na nyuma na hapo unahitaji mtu wa kumuongoza. Kiwanja ni cha mtu au cha taasisi? Kaombe ruhusa mapema, we mwenyewe kwa mdomo wako, usiwaachie vijana wa lori waombe saa ileile.

Na kuna kitu cha mpangilio hapa ambacho wengi wanakikumbuka wameshachelewa. Kwa kawaida unaambiwa kitanda na vyombo vya jikoni vipakiwe mwisho ili vishuke kwanza. Ukifaulisha, kile kilicho mlangoni mwa lori kubwa ndicho kinaingia trip ya kwanza ya gari dogo, na kilichoko ndani kabisa kinakuja trip ya mwisho, labda usiku, labda kesho yake kama mvua imekata njia. Kwa hiyo amua kabla ya kupakia: vitu gani nikivikosa leo silali? Magodoro, mashuka, taa, maji ya kunywa, sufuria moja mbili, nguo za watoto. Vyote mlangoni mwa lori. Dawa, hati, chaja na funguo usizipakie popote, unazibeba we mwenyewe.

Kama hata gari dogo linaishia mbali na mlango, basi ni kubeba kwa mikono, na kampuni nyingi zinatoza hilo kivyake. Waambie umbali kwa mita. Tuseme ni mita 150: kwenda na kurudi ni mita 300, na mtu aliyebeba kwenye njia mbovu anatumia kama dakika tano. Mizigo 120 ni dakika 600, yaani saa kumi za mtu mmoja, watu wanne saa mbili na nusu bila kupumzika, na hakuna mtu anayebeba saa mbili na nusu bila kupumzika. Njia nzuri ni kupanga watu vituo, kila mmoja na kipande chake, huyu anampa yule, hasa kama kuna mlima. Wanachoka polepole na vitu havidondoki. Ukiona kampuni inaleta watu wawili kwa kazi hiyo, kataa mapema, manake mtu aliyechoka ndiye anayeachia kabati kwenye ngazi.

Kwenye kufunga vitu, njia mbovu ina adui mmoja: mtikisiko. Boksi lenye nafasi ndani litafika na vitu vilivyosagana, kwa hiyo jaza mapengo kwa nguo, taulo, magazeti, mpaka ukilitikisa lisilie. Maboksi yawe madogo. Boksi la sentimita 40 kila upande ukilijaza vitabu linavuka kilo 35, na hilo mtu halibebi salama kwenye mlima wa tope, mimi nasema kilo 20 zisizidi. Vioo na picha visimame wima, visilazwe. Friji isafiri imesimama, na kama imelazimika kulala iache wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili oili irudi kwenye kompresa, kitabu chake kikisema siku nzima fuata kitabu. Mashine ya kufulia ile ya mlango wa mbele ina bolti za usafiri zinazoshika pipa la ndani, zilikuja nayo ikiwa mpya, zitafute uzirudishe, manake pipa lile linaning'inia kwenye springi na kilomita tatu za makorongo zinatosha kuliharibu. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri, usimame, usikae ndani ya boksi la lori lililofungwa. Jenereta na mashine ya kukatia majani zimwagwe mafuta kabla, kampuni nyingi hazibebi mafuta kabisa na ziko sahihi. Makabati na vitanda vifunguliwe, skrubu za kila kimoja ziwekwe kwenye mfuko wake ubandikwe hapohapo kwenye ubao.

Tukirudi kwenye kampuni. Waulize dereva atakayekuja ni nani na amewahi kuendesha njia za aina hii, manake anayekupigia hesabu ofisini sio anayeshika usukani. Waulize wana mbao za kuweka chini ya magurudumu, kamba ya kuvutia, mikanda ya kufungia mzigo, turubai zima na mablanketi ya kutosha. Uliza wanapakia vipi kwa ajili ya mlima: jibu sahihi ni vitu vizito mbele, vikiegemea ukuta wa kichwa cha lori, na chini. Vizito vikikaa nyuma kabisa, lori likipanda mbele kunakuwa kwepesi na usukani haushiki vizuri. Mtu anayejua kazi atakujibu hilo bila kufikiri. Na kama wanaweza kutuma mtu aje aione njia kabla, hata kwa malipo kidogo, lipa, hiyo hela haijapotea.

Bei ya saa kwa saa kwenye njia kama yako sikushauri, kila dakika lori linapogeuza na kusubiri inaingia kwako. Chukua bei ya jumla, ila bei ya jumla bila masharti yaliyoandikwa haikulindi. Kwenye makubaliano iandikwe kwamba wameiona video na vipimo vya njia, tarehe ngapi, na kwamba bei imejumuisha kufaulisha, gari dogo, na kubeba umbali fulani wa mita. Iandikwe nani analipa lori likikwama: likikwama kwenye njia waliyoiona na kuikubali ni juu yao, likikwama kwa sababu wewe ulificha kitu ni juu yako, na hiyo ni haki. Iandikwe mvua ikinyesha inakuwaje, nani anaamua kuahirisha, mpaka saa ngapi, na kuahirisha ni bei gani. Vitu vikilala kwenye lori usiku, nani analinda. Na bima: uliza inagusa nini hasa, manake nyingi hazilipi kilichovunjika ndani ya boksi ulilofunga mwenyewe, na nyingine haziendi na mzigo ukishatoka kwenye lori lao kuingia kwenye gari la mtu mwingine. Kama gari dogo ni la kukodi, hilo swali lazima lijibiwe kwa maandishi. Usilipe hela yote kabla, lipa sehemu ya kushikilia siku, iliyobaki baada ya kushusha.

Siku ya tarehe yenyewe chagua kwa udongo, sio kwa kalenda. Mfinyanzi ukilowa unateleza hata kama juu panaonekana pamekauka, unataka siku mbili tatu za jua kabla, na kazi ianze asubuhi ili kufaulisha kuishe mchana. Ramani za kwenye simu usiziamini peke yake, zinaweza kumpeleka dereva kwenye njia ya miguu, na kule mtandao unaweza kukata. Wape maelekezo kwa karatasi, alafu mtu wako awasubiri pale wanapoacha lami awaongoze. Mtu mwingine akae juu ya mlima kuzuia magari yanayoshuka, manake lori lililobeba likilazimika kusimama katikati ya mlima wa tope huenda lisiondoke tena. Dereva abaki katikati ya njia, kingo za njia za vumbi ndo zinazobomoka kwanza. Na uani kwako weka alama, vijiti na kamba, kwenye shimo la maji taka na mabomba yaliyozikwa juujuu. Mfuniko wa shimo umetengenezwa kubeba mtu, gari la mizigo litatumbukia nao.

Kwa hiyo leo rudi kwa ile kampuni ya pili na video na vipimo vya kidaraja, waombe bei mbili, moja ya lori kufika mpaka mwisho na moja ya kufaulisha kabla ya daraja. Ukitaka mpe na ile ya kwanza video hiyohiyo, kama bei yao inabaki ileile na bado hawaulizi kitu waache. Vitu vikishashuka vyote hesabu kwa orodha yako kabla lori halijaondoka, piga picha palipokwaruzwa, na kwenye karatasi ya kupokelea usisaini "vyote vimefika vizuri" wakati maboksi bado yamefungwa. Andika kwa mkono wako "maboksi hayajafunguliwa", alafu yafungue yote ndani ya siku chache za mwanzo, kwa sababu muda wa kulalamika kwenye mikataba mingi ni mfupi.